Mafuta ya Maua ya Mzee Jaluli

Nabeul, 6 Novemba 1993

Kwa Daktari Shadli Bukhris, Montpellier

Salamu kutoka kwa mtu ambaye huenda umemsahau, na kama hujamsahau, basi salamu mara mbili. Ni mimi, Dalanda Zrelli, niliyekaa nawe miaka mitatu mbele ya mashine moja ya kutenganisha harufu, kwenye ile maabara ya Tunis yenye dirisha lisilofungika. Anwani yako nimeikuta nyuma ya jarida la kemia. Nimefurahi kuona wameandika "profesa" mbele ya jina lako, ingawa nakumbuka mtu aliyekuwa akiunguza mkate juu ya jiko la sampuli.

Nisingekusumbua baada ya miaka ishirini na minne kama si jambo zito. Siku hizi nafundisha kemia sekondari hapa kwetu. Mume wangu alifariki mwaka juzi, Mungu amrehemu. Mama yupo, ana miaka sabini na minane, macho yamepungua lakini ulimi bado mkali. Na nina kazi nyingine isiyo na mshahara: kuna chama cha wanawake thelathini na mmoja wanaochuma maua ya midanzi, ile michungwa michungu, na kukeneka mafuta yake kwa mvuke. Mimi ndiye mtu wao wa vipimo, ingawa vipimo vyenyewe nilivyo navyo ni pua na kipimajoto.

Mwaka huu mnunuzi wa Ufaransa ameyarudisha mafuta yetu. Anasema linalili asetati, ile kemikali ya harufu, imezidi, karibu mara mbili ya inavyotakiwa, na kwamba ziada hiyo ni ya kiwandani, imetiwa kwa mkono. Ametuita walaghai kwa maneno ya adabu sana. Msimu wa maua ukifika na jina letu halijasafishwa, chama kitakufa.

Nawajua wanawake hawa. Hawakutia kitu. Ndipo nikakumbuka kwamba wewe ulipima mafuta ya wakenekaji wote wa Nabeul msimu wa 1969, ya baba yangu yakiwemo. Kama asetati ilikuwa juu hata wakati ule, basi ni udongo wetu, si ulaghai. Daftari za mwaka ule ulizichukua wewe. Je, bado unazo?

Unakumbuka tulivyovipa majina vile vilima vilivyochorwa na kalamu ya mashine? Kile kidogo kilichotangulia tulikiita Mzee wa Alfajiri, na kile kikubwa cha katikati Bwana Harusi. Wanafunzi wangu nimewafundisha majina hayo hayo.

Mimi,
Dalanda


Montpellier, 24 Novemba 1993

Dalanda,

Nilipoona mwandiko wako juu ya bahasha nilikaa kwanza. Bado unaandika herufi zako kama zinazokimbia mvua.

Sijasahau. Kila Jumatatu ulikuja na mkate wenye samaki na harisa ya pilipili, tukagawana, halafu mashine ikagoma nusu siku kwa sababu vidole vyetu vilikuwa na pilipili. Nakumbuka mkurugenzi akiuliza, "Hiki kilima kipya ni cha kemikali gani?" nawe ukamjibu bila kucheka, "Ni chakula cha mchana, bwana." Huku nina mashine tano, kila moja ina akili kuliko ile yetu, na hakuna hata moja niliyowahi kuipa jina.

Pole sana kwa msiba. Na mama yako, mpe salamu zangu, kama hatakasirika kuzipokea.

Kuhusu daftari: sina hakika. Nimehama nyumba mara tatu. Na kwa kweli, Dalanda, vipimo vya 1969 havitakusaidia. Mashine ile ilikuwa changa, iliweza kuona kwamba kitu kipo lakini si kilikotoka. Niletee mafuta mapya, niyapime hapa. Ya zamani tuyaache yapumzike.

Wako,
Shadli


Nabeul, 8 Desemba 1993

Ndugu Shadli,

Mafuta mapya nitakuletea. Lakini nataka na daftari. Mtu aliyehifadhi kumbukumbu ya samaki na harisa hawezi kupoteza daftari la kazi.

Nimemsomea mama barua yako. Amesema, "Huyu si yule aliyesema mama yake atakuja kiangazi? Muulize, kiangazi cha Ufaransa kinafika mwezi gani?" Nimeandika kama alivyosema. Usimjibu.

Dalanda


Montpellier, 27 Desemba 1993

Dalanda,

Nimelipata. Nalituma pamoja na barua hii. Heri ya mwaka mpya kwako na kwa mama.

Shadli


Nabeul, 12 Januari 1994

Ndugu Shadli,

Daftari limefika. Nililifungua mezani jikoni, na harufu ya ile maabara ikatoka kwenye karatasi, nikalazimika kusimama dirishani kidogo. Mwandiko wangu umo, na wako, na doa la kahawa la mkurugenzi.

Wakenekaji kumi na wanne wamo, kila mmoja na ukurasa wake. Ukurasa wa kumi na tisa haumo. Haukung'oka wala haukuliwa na panya. Umekatwa kwa wembe, taratibu, na mtu asiyetaka ionekane. Nimehesabu majina. Anayekosekana ni Jaluli Zrelli, baba yangu.

Lakini cheti chake cha kuuza nje ninacho hapa, na sahihi yako ipo: "Mafuta ni safi." Sasa niambie, mtu anakataje ukurasa wa mafuta safi?

Dalanda


Montpellier, 2 Februari 1994

Dalanda,

Nimeanza barua hii mara nne. Hii nitaituma, iwe iwavyo.

Nilipima mafuta ya baba yako tarehe kumi na moja Mei 1969. Wewe ulikuwa umeenda Bizerte kwenye harusi ya binamu yako. Asetati ilipanda mpaka kalamu ikatoka nje ya karatasi. Nilirudia mara tatu. Mwaka ule asetati ya kiwandani ilikuwa imeanza kuingia bandarini kwa mapipa, na wawili kati ya wale kumi na wanne walikuwa wamekiri kuitia. Sikuona maelezo mengine.

Kesho yake nikapanda basi kuja Nabeul. Nilimkuta baba yako uani, anasugua mtungi wa shaba wa kukenekea kwa limau na chumvi.

"Karibu, mtu wa maabara," akasema. "Umekuja kupima au kunusa?"

"Nimekuja kuuliza, ami Jaluli. Mafuta yako yana kitu cha kiwandani."

"Kitu gani?"

Nikamtajia jina. Akajaribu kulitamka, likamshinda, akacheka. "Kitu ambacho hata kukitaja siwezi, nimekitia vipi?"

Mimi sikucheka. Nilikuwa kijana, na nilikuwa na karatasi mkononi. Nikamwambia mashine haidanganyi.

Akaweka limau chini. "Kwa hiyo anayedanganya ni mimi."

Akafuta vidole kwa shati, kisha akauliza, "Dalanda anajua?"

"Hajui."

"Basi asijue. Usimwambie wewe, nami sitamwambia. Ana kazi pale. Watasema ni binti wa mlaghai."

Nilichukua maneno hayo kuwa ungamo. Nikarudi Tunis, nikasaini cheti, nikakata ukurasa. Ndiyo hati pekee ya uongo niliyowahi kusaini maishani, na niliisaini kwa ajili yako. Lakini baada ya hapo sikuweza kukutazama. Kila ulipocheka nilikuwa nikijiuliza nitakaaje nyumba moja na baba yako, tukila sahani moja ya kuskusi, kila mtu akijua alilonalo mwenzake. Nafasi ya Montpellier ilipokuja, nikaikubali siku ile ile. Mama yangu alikuwa tayari kuja kwenu kuposa. Nilimwambia nimebadili mawazo.

Sikubadili mawazo. Sina la kuongeza.

Shadli


Nabeul, 15 Februari 1994

Bwana Bukhris,

Sasa nisikilize wewe.

Juni ya mwaka ule baba aliuza mitungi yote miwili. Alituambia mvuke unamdhuru kifua. Mimi nilimpeleka kwa daktari Tunis, na daktari akasema kifua hiki ni cha kijana wa miaka ishirini. Nilidhani daktari hajui kazi. Kila msimu wa maua baba aliondoka nyumbani kwenda kwa dada yake, mjini Kelibia, mpaka maua yakaisha. Miaka minane hivyo, kisha akafa. Mama alikuwa amekwisha kufua sufu ya magodoro ya harusi yetu, mimi na wewe. Waliokuja kuyalalia ni wageni wa msiba wa baba.

Hakuniambia neno. Ninyi wawili mlinilinda vizuri sana.

Mtu akiambiwa na kijana anayetaka kumwoa binti yake kwamba yeye ni mwizi, halafu jambo la kwanza analouliza ni kazi ya binti yake, hilo wewe uliliita ungamo.

Ndani ya kifurushi hiki mna chupa mbili. Kubwa ni ya chama. Ndogo imetoka kwenye sanduku la mama, katikati ya nguo zake za harusi: mafuta ya mwisho ya baba, Aprili 1969, yamezibwa kwa nta, hayajaona jua hata siku moja. Ulisema mashine yenu ya zamani haikuweza kuona kitu kimetoka wapi. Unazo tano zenye akili. Pima.

D. Zrelli


Montpellier, 10 Machi 1994

Dalanda,

Nimepima mwenyewe, sikumpa mwanafunzi. Nakuandikia kana kwamba umeketi kwenye kiti chako cha kushoto, mbele ya mashine.

Unajua kwamba molekuli nyingine zina maumbo mawili, kama mikono: ya kulia na ya kushoto. Zina vitu vile vile, uzito ule ule, lakini huwezi kuvisha mkono mmoja glovu ya mwingine. Mashine yetu ya 1969 iliona mikono yote kuwa mmoja. Sasa tunalo bomba jembamba, ndani limepakwa aina ya sukari, linaloishika mikono hiyo kwa nguvu tofauti, basi mmoja unatoka kwanza na mwingine baadaye. Kiwanda hakijui kuchagua. Kikitengeneza asetati kinatoa nusu kwa nusu. Mti hutengeneza mkono mmoja tu, karibu wote.

Nilianza na chupa ya chama. Kikapanda kilima kimoja. Mahali pa cha pili kalamu ilipita chini, tambarare.

Kisha chupa ya baba yako. Mafuta yamezeeka, harufu za juu zimeondoka, lakini uzee haugeuzi mkono. Nilisimama mbele ya karatasi. Kilima kimoja. Nikangoja kile cha pili kwa dakika arobaini, muda ambao hauhitajiki hata kidogo. Hakikuja.

Asetati yote ni ya mti, Dalanda. Ni nyingi, lakini ni ya mti. Baba yako hakutia kitu.

Taarifa rasmi ya chama nimeshaituma kwa mnunuzi, kwa jina langu na muhuri wa chuo. Lakini bado sielewi kwa nini imezidi. Maua matupu hayana asetati kiasi hicho. Majani ndiyo yanayo, na vikonyo vya kijani. Wanawake wako wanachumaje?

Sijui niseme nini kuhusu mengine. Miaka yote hii nilijihesabu kuwa mtu aliyefanya kosa dogo kwa ajili ya mapenzi. Nilikuwa nimekosea hata kosa lenyewe.

Shadli


Nabeul, 22 Machi 1994

Shadli,

Nilikwenda kwa mama, nikamkuta anapepeta ngano uani. Sikumweleza chochote bado. Nikamwuliza tu, "Mama, wewe ulikuwa ukichumaje maua ya baba?"

"Kwa mikono. Wewe unachuma kwa miguu?"

"Namaanisha, ua unalikata wapi?"

Akanionyesha kwa vidole hewani. Hashiki ua. Anashika chini yake, kwenye kikonyo, analivunja pamoja na kikonyo chenyewe na jani changa lililo pembeni. "Ukilichuma uchi," akasema, "linapata joto kikapuni na kuwa kahawia kabla hujafika nyumbani. Likiwa na mguu wake linakaa bichi. Nilimfundisha hata bibi yako, mama mkwe wangu, na alikuwa mgumu wa kufundishika. Na hawa wa chama chako nimewafundisha mimi vile vile, msimu uliopita."

Shadli, hicho kikonyo ndicho asetati yetu.

Ndipo nikamweleza yote: mashine, ukurasa, safari yako, Kelibia, mitungi. Akaacha kupepeta. Halafu akasema, "Kwa hiyo aliuza mitungi kwa sababu ya vidole vyangu. Na mimi miaka yote nilimwita mvivu."

Hakulia. Akaendelea kupepeta, lakini ngano ilikuwa inamwagika nje ya ungo.

Mnunuzi ameandika. Ameomba radhi, na ameomba tuchume maua bila vikonyo. Chama kiko salama. Wanawake walipiga vigelegele mpaka mwalimu mkuu akatoka shuleni kuuliza nani anaolewa. Kwa hilo nakushukuru, na nakushukuru kweli.

Kuhusu lile jingine: sitaki uniombe msamaha mimi. Muandikie baba. Muandikie taarifa kama ile aliyostahili kupata Mei 1969, rasmi, kwa jina lake. Nitaipeleka.

Dalanda


Montpellier, 3 Aprili 1994

Kwa Mzee Jaluli Zrelli, Mkenekaji, Nabeul

YAH: SAMPULI YA MAFUTA YA MAUA YA MDANZI, APRILI 1969

Mheshimiwa,

Sampuli yako ilipokelewa tarehe 11 Mei 1969 na kupimwa na aliyesaini hapa chini. Matokeo yalionyesha linalili asetati kupita kiwango cha kawaida. Mpimaji alihitimisha kwamba imeongezwa kwa makusudi. Hakuomba sampuli ya pili. Hakuuliza maua yalichumwaje. Hakuuliza ni nani aliyeyachuma. Alipanda basi na kuja kukutuhumu nyumbani kwako.

Sampuli imepimwa upya Machi 1994. Asetati yote imetokana na mmea wenyewe, yaani maua yaliyochumwa pamoja na vikonyo vyake ili yasiharibike njiani.

Hitimisho: Mafuta ni safi. Mpimaji alikosea.

Mpimaji anaomba radhi kwa kuchelewesha matokeo haya kwa miaka ishirini na mitano, kwa mitungi miwili ya shaba iliyouzwa, na kwa misimu minane ya Kelibia. Anaomba radhi pia kwamba wewe ulicheka, naye hakucheka nawe.

Cheti chako cha 1969 kilikuwa cha kweli, ingawa aliyekisaini hakuamini alichoandika.

Kwa heshima,
Shadli Bukhris

Dalanda, hii ni yako: naomba ruhusa ya kuja. Nipangie siku, hata iwe ya saa moja tu.


Nabeul, 16 Aprili 1994

Shadli,

Tulikwenda makaburini Ijumaa asubuhi, mama na mimi. Alikuwa amechukua tini kavu na mkate, akagawa kwa waliokuwapo. Kisha akakaa kwenye jiwe akaniambia nisome, na nisome kwa sauti kwa sababu marehemu sikio lake la kulia lilikuwa zito.

Nikasoma yote, pamoja na tarehe na namba. Nilipofika mwisho akasema, "Soma tena pale anaposema amekosea."

Nikasoma.

"Tena."

Nikasoma mara ya tatu. Akanyoosha mkono, akaigusa ile karatasi kama anayekagua kitambaa, akasema, "Basi, inatosha. Jaluli amesikia. Hakupenda maneno mengi."

Njiani akaanza kunisimulia mambo ya baba ambayo sijawahi kuyasikia. Jinsi alivyokuwa akitoka kazini na mashati yanayonukia maua mpaka nyuki wakamfuata mtaani, na majirani wakamtania kwamba ana wake wengine wadogo. Jinsi alivyomwita mama alipotoa tone la kwanza la msimu, ampake nyuma ya sikio kabla ya mtu mwingine yeyote. Alisimulia mpaka nyumbani, na tulipofika mlangoni akakataa kuingia kwa sababu hajamaliza. Tukazunguka mtaa mara nyingine. Miaka yote hii alikuwa amemficha mume wake nyuma ya neno "mvivu", na sasa amempata tena.

Umeuliza kama unaweza kuja. Mama amesema uje, ana la kukuambia, na hataki mimi niliandike. Mimi sijui nitakuambia nini ukishuka kwenye gari. Nilikukasirikia kwa sababu moja kwa miaka ishirini na minne, na sasa imenilazimu nianze upya kukukasirikia kwa sababu nyingine, na hii ya pili inanishinda kuishikilia.

Lakini usije sasa. Maua yamekwisha, chama kinasafisha mitungi, nami nina mitihani ya kusahihisha. Njoo mwakani, mwezi wa tatu, yakianza kufunguka. Mwaka mmoja si mrefu. Mimi nilingoja zaidi.

Dalanda